Jembe Ndani ya Mzigo

Klin. Hatua mbili tatu za kimya, kisha klin tena.

Ni jembe lililokuwa likigonga kikombe cha bati ndani ya mzigo aliojitwika dada yangu. Lilianza kugonga tulipotoka tu kwenye kibanja chetu cha migomba, Kituntu, likagonga bondeni kwenye mafunjo, na tulipoanza kupanda kilima cha mafungo jua likiwa utosini lilikuwa bado linagonga. Mimi nilimfuata nyuma na mkungu wa ndizi kichwani. Ningeweza kumwambia tusimame tuufunge mzigo upya, lakini sikusema. Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amelitaja lile jembe, na aliyelileta ni mimi, basi nikanyamaza nikawa nalisikiliza.

Miaka saba imepita. Hata leo nikiosha vyombo na vikombe viwili vikagusana, naiona shingo ya dada yangu mbele yangu, imenyooka, haigeuki.

Nianze na barua, maana yote yalianza na barua, na barua niliisoma mimi.

Nyumbani kwetu msomaji nilikuwa peke yangu. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alizijua namba za kitabu cha nyimbo na jina lake mwenyewe, basi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne kwa mabibi wa misioni, nina miaka kumi na minne, na nilipoona karatasi yoyote, hata ile ya kufungia chumvi, niliisoma kwa sauti mpaka mama akanifukuza jikoni. Kwa hiyo mwinjilisti alipoileta barua ya mchungaji nilikalia kigoda cha Tata, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi, nikawasomea wote watatu.

Mchungaji alimwita dada yangu kwenye wiki ya mafungo. Kile kilima kilikuwa na jumuiya ya watu waliookoka, wake kwa waume, waliokaa pamoja, wakilima pamoja na kusali pamoja, na mara mbili kwa mwaka walipokea wageni wa siku saba. Barua ilisema kwamba shemeji yangu, mume wa dada, naye ameitwa na amekubali kuja. Dada angelala katika nyumba ya wake, mumewe ng'ambo ya uwanja katika nyumba ya wanaume. Siku ya tano wazee wangeketi na mtu na mkewe wenye neno kati yao, neno lingezungumzwa, na wakipatana wangeshikanishwa mikono mbele ya watu wote.

Mama alinifanya nisome mahali pale mara tatu. Dada alikuwa anasuka ukingo wa kikapu. Hakuinua kichwa, ila nilimwona anarudia kuchoma shimo lile lile.

Alikuwa ameolewa Nyakakika miaka mitano kabla ya hapo, kwa ndoa ya kanisani. Miaka mitatu ikapita bila mtoto. Mumewe hakumsema. Aliyemsema ni mama mkwe, na alimsema jikoni, kisimani, na mwishowe mbele ya wageni, akimwita mgomba dume. Siku moja wakati wa kuchuma kahawa dada aliweka kikapu chini akaja kwetu kwa miguu na nguo aliyovaa tu. Tangu hapo mavuno mawili ya kahawa yalipita. Mume hakuja kumchukua, na wala hakumpa talaka. Alikuwa mke anayelala kwao. Sasa mchungaji alikuwa amepata njia, na njia yenyewe ilipita kwenye mlango wa nyumba ya wake.

Chini ya barua palikuwa na orodha ya vitu vya kuja navyo. Naikumbuka kama sala. Mkeka. Blanketi. Sahani na kikombe. Jembe, kwa kuwa wageni walilima asubuhi pamoja na wenyeji. Sabuni, chumvi, ndizi na maharage ya siku tatu za kwanza. Kitabu cha nyimbo. Nguo safi ya siku ya tano. Kisha maneno haya, yamepigiwa mstari: kila mtu aje na vyake mwenyewe, asije na kitu cha kuazima, kwa sababu safari iliyopita vya kuazima vilipotea vikaleta ugomvi.

Tata aliniruhusu niende na dada nimsaidie kubeba. Nakwambia, siku zile sikulala kwa kuwaza. Msichana mmoja niliyesoma naye alikuwa amefika huko, akanieleza kwamba nyumba ya wake imeezekwa bati, ina madirisha ya kioo na vitanda vya chuma vyenye springi, ukikaa kinakurudisha juu. Sisi kwetu tulilala juu ya nyasi zilizotandikwa chini, nyasi nzuri, mama alizibadilisha kila Jumamosi, lakini nyasi hazimrudishi mtu juu. Nikamwona dada yangu amekaa kwenye kitanda cha chuma, ananesanesa, anacheka kama alivyocheka kabla hajaolewa. Nikajiona siku ya tano mbele ya watu, nimevaa kitambaa changu kipya cha kichwa, chekundu chenye maua meupe, nilichokuwa nimekiweka miezi minne bila kukivaa. Kitambaa hicho kilikuwa cha kwanza kuingia kwenye kikapu, kabla hata ya chumvi.

Tukaanza kukusanya vitu, na orodha ilikuwa mkononi mwangu. Blanketi lilikuwapo. Kikombe na sahani, za kwangu nilizopewa shuleni. Nilipofika kwenye mkeka na jembe nikakwama. Vya dada vilikuwa kwa mumewe, Nyakakika. Mkeka aliusuka mwenyewe kabla ya harusi, mpana wa watu wawili, na mistari myeusi pembeni. Jembe alipewa na Tata siku alipotolewa nyumbani. Siku ile ya kahawa alikuwa ameviacha vyote viwili, na mimi nilidhani aliviacha kwa haraka ya hasira.

Nikamwuliza tutafanyaje. Akasema tutaazima kwa jirani.

Nikamwonyesha maneno yaliyopigiwa mstari. Akasema maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili yake, niache. Mama naye akasema niache. Hakuna aliyesema kwa nini. Mambo ya namna hiyo kwetu msichana haambiwi, anayakuta huko huko anakoolewa, na miaka niliyokuwa shuleni nilifundishwa mito ya nchi nisizoziona na kushona vifungo.

Basi mimi nikaona nimeelewa kuliko wao. Niliogopa tufike pale mlangoni, mwenye orodha aone mkeka wa kuazima, aturudishe. Nikapanga niwafurahishe. Nilikuwa na shangazi Nyakakika, nikaomba ruhusa nikamsalimie kabla ya mafungo, nikapewa. Nililala kwa shangazi, na asubuhi nilipoaga sikushika njia ya kwetu moja kwa moja. Nikapitia kwa shemeji.

Nilimkuta anaanika kahawa uani, mama yake yupo kwenye kizingiti anamenya ndizi. Nikapiga magoti nikawaamkia, shikamoo mama, shikamoo shemeji. Wakaniitikia vizuri. Mama mkwe akanipa punje za kahawa za kutafuna, kama mgeni mkubwa, nikajisikia mtu. Ndipo nikasema nimekuja kuchukua mkeka na jembe la dada.

Shemeji aliacha kugeuza kahawa. Akaniuliza nani amenituma.

Ningeweza kusema ukweli, kwamba hakuna aliyenituma. Lakini niliona ukweli huo ni mwepesi mno, na nilitaka ajue kwamba dada anamkumbuka, kwamba hata anapofunga mzigo anawaza nyumba ile. Nikasema, "Dada."

Mama mkwe aliinuka mbio kuliko nilivyowahi kumwona. Aliingia ndani, akatoka na jembe, udongo mkavu bado umelishika tangu siku ile, akatoka na mkeka, akaukunja yeye mwenyewe, akaukaza kwa kamba za mgomba, kamba nzuri nyeupe. Akamwita jirani yake aje aone. Nikafikiri anamwita aone jinsi nilivyokua. Yule jirani akaja, akasimama, akatazama jembe, akatazama mkeka, akasema ameona. Mama mkwe akaniongezea ndizi mbivu za kula njiani. Nikamshukuru mara mbili. Moyoni nikasema, kumbe watu humsingizia tu huyu mama.

Shemeji alinisindikiza mpaka mwisho wa kibanja, pale migomba inapoishia na majani ya malisho yanaanza. Tulipofika hapo akasimama.

"Alisema hivyo mwenyewe? Kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, shemeji."

"Kwamba ukachukue jembe."

"Ndiyo. Na mkeka."

Akatikisa kichwa polepole, akanitakia safari njema, akarudi. Mimi nikaimba njia nzima mpaka Kituntu.

Mama ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa anapalilia mbele ya nyumba. Aliona jembe begani mwangu, akakaa chini pale pale kwenye udongo, miguu imenyooka, kama watu wanavyokaa msibani. Dada akatoka ndani. Nikatua mkeka mbele yake nikacheka, nikamwambia sasa hatutaazima kitu.

Sikupigwa. Ningepigwa ningeshukuru. Mama alinieleza akiwa amekaa vile vile, kwa sauti ndogo, na sikuwahi kusikia maneno yaliyonifungia njia zote namna ile.

"Mke akija kwao kwa hasira huacha jembe na mkeka. Jembe likiwa kwa mume, bado ni mke wake, hata miaka kumi. Watu wa kwao wakienda kulichukua, na shahidi akiona, amekwisha kutoka. Wewe umeenda ukamtoa."

Nikasema basi nilirudishe kesho. Tata, aliyekuwa amefika na kusikia, akasema halirudishwi na sisi. Anayeweza kulirudisha ni mume, kwa kuja mwenyewe kulichukua pamoja na mkewe. Kisha akaenda kukaa peke yake mahali anapokaa wakati ng'ombe wanakamuliwa.

Dada aliokota mkeka, akaufungua kidogo, akatazama mistari yake, akaufunga tena. Akasema tu kwamba panya hawakuula.

Mama hakukata tamaa siku ile, au alijikaza. Alisema mchungaji ni mtu wa Mungu, mambo ya majembe ni ya wazee wa zamani, ndoa ilifungwa madhabahuni na si shambani. Twende. Kama dada akipokelewa katika nyumba ya wake, mbele ya watu wote atakuwa mke, na siku ya tano mume atashikwa na aibu, atashika mkono. Kila kitu kilibaki kwenye mlango ule mmoja. Na kwa kuwa vya kwake vilikuwa vimekwisha kuja, tukavifunga hivyo hivyo kama barua ilivyotaka, mkeka nje, blanketi ndani yake, jembe, sahani na kikombe. Ndiyo maana likawa linagonga.

Kwenye kilima tuliwakuta wanawake wengi wamekaa kwenye majani na mizigo yao, wanasubiri kuitwa. Kweli bati lilikuwapo, liling'aa mpaka ukafumba macho. Mwanamke wa makamo wa ile jumuiya, mwenye uso mwema, alisimama mlangoni na daftari. Kila aliyeitwa alitaja jina la mume, mwenye daftari akalitafuta, akampa nafasi: wewe dirishani, wewe karibu na mlango, wewe mzee chukua kitanda cha chini. Nyumba ya wake ilipangwa kwa majina ya waume. Nyumba ya wasichana kwa majina ya baba zao. Ya wajane haikuwa na majina, waliingia tu.

Dada alitaja jina la mumewe. Yule mama alishuka na kidole, akafika mahali, kidole kikasimama. Kwa kuwa nilikuwa karibu nikaona. Jina lilikuwapo, limepigwa mstari.

Alituita pembeni. Alisema kwa upole kabisa kwamba mume wa dada alifika jana na mama yake, akaeleza kwamba mke ameshatoa vitu vyake, shahidi yupo, kwa hiyo asiandikiwe kitanda kama mke wa mtu. Akasema yeye hana la kufanya mpaka wazee wakae. Akamwuliza dada kama anaweza kulala na wasichana. Halafu akajijibu mwenyewe, hapana, mtu aliyekwisha kuolewa hawezi kulala na wasichana, baba zao watalalamika. Akaenda kuwauliza wajane. Nikamsikia bibi mmoja ndani akisema wao wamezika, huyu amezika nani, mume wake si yule pale uwanjani anapasua kuni. Wakacheka, na bila ubaya, bibi alikuwa na mdomo tu. Lakini hapakuwa na nafasi.

Tukawekwa kwenye banda la ndizi, nyuma ya jiko, mahali walipoivisha mikungu. Yule mama alituletea majani makavu ya mgomba kwa mikono yake mwenyewe akatandika, akaomba radhi mpaka nikamhurumia. Dada akatandaza mkeka wake. Ulikuwa wa watu wawili, tukaulalia wawili. Springi za vitanda vya chuma nilizisikia kupitia ukutani, wanawake wakigeuka, na kila kilipolia kimoja nilijua kingekuwa cha dada.

Asubuhi tulilima. Wote tulitoka na majembe yetu, tukapanga mstari, na hapo ndipo mke mmoja wa Kayanga, mcheshi, mpenda watu wamsikie, alipomtania dada.

"Dada, jana tulikusikia tangu bondeni. Wenzako wamekuja kumfuata mume, wewe umekuja naye kwenye mzigo, anabisha hodi njia nzima."

Mstari mzima ukacheka. Dada naye alicheka kidogo, kwa adabu. Akapiga jembe ardhini, na ule udongo mkavu wa Nyakakika, uliokuwa umelishika miaka miwili, ukabanduka ukaanguka kwenye shamba la watu.

Siku tatu zilipita hivyo. Shemeji tulimwona kwa mbali tu, kwenye sala, upande wa wanaume. Mama yake alikaa mbele. Dada alipika, alilima, aliwasukia wajane vikapu viwili, mpaka yule bibi mwenye mdomo akaanza kumwita binti yangu. Lakini banda lilikuwa lile lile, na daftari lilikuwa lile lile.

Mimi nilikuwa na mpango. Nilikuwa nimeona kwamba pale kilimani watu walisimama kila siku mbele ya wote wakaungama. Mmoja aliiba kahawa, mwingine alimchukia ndugu yake. Nikawaza, nikisimama nikisema ukweli kwamba dada hakunituma, kwamba ni mimi niliyedanganya, ule ushahidi utakuwa hauna kitu, jembe litakuwa halikuchukuliwa, na jina litaandikwa upya. Nilimngoja shemeji awepo. Siku ya nne jioni alikuwepo, pamoja na mama yake. Nikafunga kitambaa changu chekundu kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilijua kesho yake ni siku ya mikono na nilitaka nikizoee, nikasimama.

Nilisema yote. Nilisema sikutumwa, niliulizwa mara mbili nikadanganya mara mbili, dada yangu hajatoka kwa mume wake. Nilifika mwisho.

Wakafurahi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, walifurahi. Wanawake waliinuka wakanikumbatia mmoja baada ya mwingine, wimbo ukaanzishwa, mtu akanishika mikono akacheza nami katikati ya watu. Mzee mmoja alisimama akasema leo mbinguni kuna shangwe kwa ajili ya mtoto huyu aliyeushinda uongo. Yule wa Kayanga alilia machozi akaniomba nimsamehe kwa utani wake. Mimi nilikuwa nikijaribu kusema, na dada, na dada je, lakini wimbo ulikuwa mkubwa. Niliokoka mimi. Kila nilipogeuka walinipa heri kwa wokovu wangu, na katikati ya mikono yote ile nilimwona dada yangu amekaa mahali pake, ananipigia makofi kama wengine.

Siku ya tano wazee walikaa, wakamwita, na kwa sababu ya ushuhuda wangu na mimi nikaitwa. Hawakuwa watu wabaya. Walimwambia shemeji amesikia mwenyewe kwamba mke hakutuma mtu. Mama yake ndiye aliyejibu. Alisema wamefurahi mtoto ametubu, Mungu amlinde, lakini vitu vimekwisha kutoka nyumbani kwake, jirani ameona, na wao hawakukaa mikono mitupu, wameshatoa neno kwa nyumba nyingine na neno limepokelewa. Mchungaji akamkumbusha shemeji ndoa yake ya kanisani. Akamwambia akioa mwingine atawekwa nje ya meza ya Bwana. Shemeji akasema analijua hilo. Atakaa nje.

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema mtu hawezi kushikwa mkono kwa nguvu.

Ndipo shemeji akanitazama. Hakumtazama dada, alinitazama mimi, na hakuwa na hasira hata kidogo.

"Nilikuuliza, shemeji. Pale mwisho wa kibanja nilikuuliza. Ungesema hapana, ningekuja mimi na lile jembe begani mpaka Kituntu. Nilikuwa nimeshaamua."

Hata sasa nikiandika sijui kama ni kweli alikuwa ameamua, au ni maneno ya mtu anayetaka dhambi igawanywe. Dada anasema ni kweli. Anasema alimjua, alikuwa mtu wa kuchelewa, angekuja. Na hilo ndilo linaloniumiza, kwamba yeye anaamini, na kwa kuamini hivyo amenibebesha mimi peke yangu bila kukusudia.

Mchana ule mikono ilishikanishwa uwanjani, watu watatu na wake zao, nyimbo, vigelegele. Wake walitoka kwenye ile nyumba ya bati mmoja mmoja wakavuka majani. Dada alitazama mpaka mwisho. Halafu akaniambia twende tukatoe ndizi zilizoiva, wapishi wanangoja.

Bandani nilimwambia nisamehe. Alikuwa amekunja mikono ya gauni, anachagua ndizi.

"Ulisoma vizuri," akasema. "Barua ndivyo ilivyosema, kila mtu na vyake."

Alisema bila kunisimanga. Alitaka kunituliza, na alipoona silali siku zilizobaki alinisimulia hadithi za zamani za sungura, kwa sauti za wanyama, mimi msichana mkubwa wa darasa la nne. Wala hakulia mbele yangu. Asubuhi moja tu nilipoamka nilimkuta amekaa, anapitisha kidole juu ya mstari mweusi wa mkeka, upande niliolalia mimi.

Siku ya saba tulikuwa tunaondoka wote pamoja, wake zaidi ya thelathini kwa njia moja mpaka njia panda. Dada alifunga mzigo alfajiri, vile vile ulivyokuja, kwa kamba zile zile nyeupe za mama mkwe, kisha akaenda kwenye sala ya mwisho. Kengele ilinipata nje, nikamwambia namfuata, nikarudi bandani. Banda lilikuwa na harufu ya ndizi mbivu na mwanga ulikuwa unaanza kuingia kwenye nyufa.

Nikapiga magoti nikafungua mzigo. Nilitoa jembe. Nilivua kitambaa changu chekundu chenye maua meupe, nikalizungushia mara tatu, nikakaza fundo kwa meno. Nikalirudisha ndani, mbali na kikombe, nikafunga kamba. Kisha nikauinua mzigo kwa mikono miwili, nikautikisa kwa nguvu, nikasikiliza.